Mlango nilioupita miaka minne

Nilifanya kazi ya kuongoza wageni Bagamoyo kwa miaka minne, na katika muda huo nilisimama mbele ya mlango mmoja wa nakshi, karibu na Mtaa wa India, pengine mara mia tatu. Nikifika pale maneno yalikuwa tayari mdomoni. Mnyororo huu unaozunguka fremu ni ishara kwamba mwenye nyumba alikuwa akiuza watumwa. Samaki ni uzazi. Ua hili ni yungiyungi, yaani uhai mpya. Mitende ni neema. Wageni walipiga picha, walinyamaza kidogo kwenye mnyororo, kisha tukasogea nyumba ya pili. Dakika tatu, hazikuzidi.

Maneno yale niliyarithi kwa kaka aliyenifundisha kazi, naye aliyarithi kwa mwingine. Hakuna aliyedanganya kwa makusudi. Tulipokezana hadithi kama watu wanavyopokezana ndoo kisimani, kila mmoja akiamini kwamba aliye mbele yake ameyaona maji.

Mkabala na mlango ule kuna baraza, na barazani alikuwa akikaa mzee mmoja aliyefanya useremala tangu ujana wake. Alikuwa ameshaacha kazi, mikono inatetemeka, lakini macho bado. Siku moja ya mwezi wa Mei, masika yamewafanya wageni kuwa adimu, nilimwamkia kama kawaida yangu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Leo huna watu?"

"Leo sina."

"Basi njoo ukae, nikuulize. Ule mnyororo unaowaonyesha wageni una pete ngapi?"

Sikujua.

"Na juu pale, kwenye kizingiti, pameandikwa nini?"

Niliinua macho. Kwamba kuna maandishi ya Kiarabu nilijua. Kuyasoma sikuwahi, ingawa utotoni nilikaa chuoni miaka sita na herufi zile nazifahamu. Rangi ya mafuta iliyopakwa mara kwa mara ilikuwa imejaa kwenye mifereji ya nakshi, na aya yenyewe ilikuwa ngumu kuifuata. Lakini mwishoni, upande wa kushoto, kulikuwa na tarakimu nne. Nikazitamka moja moja: moja, tatu, moja, sifuri.

"Hiyo hesabu ya Hijra," akasema. "Nenda ukatafute kwa hesabu ya Kizungu ni mwaka gani, halafu urudi unieleze habari ya mnyororo."

Usiku ule nilitafuta. Mwaka 1310 wa Hijra ulianza Julai 1892. Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa na kukataza wasisafirishwe baharini mwezi Juni 1873. Mlango ule ulichongwa karibu miaka ishirini baadaye, Bagamoyo ikiwa tayari mikononi mwa Wajerumani. Hilo peke yake haliisafishi nyumba. Biashara iliendelea kwa kificho baada ya mkataba, na utumwa wenyewe haukufutwa kisheria Tanganyika mpaka 1922, kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba ndani ya nyumba ile waliishi watu wasio huru. Lakini je, tajiri angemwagiza fundi amchongee mlangoni tangazo la biashara iliyokwisha kukatazwa? Na ule mnyororo, ambao kwa jicho la pili unaweza kuwa kamba iliyosokotwa, upo kwenye milango ya Lamu, Mombasa na Unguja, kwenye nyumba za watu wa kila namna.

Asubuhi nilirudi kwa babu nikamwambia kwamba hadithi yangu si ya kweli. Hakufurahi kama nilivyotarajia.

"Mimi sikusema si kweli. Nilisema hujui. Sasa kaa hapa mpaka adhuhuri, utazame. Usinitajie maana ya kitu chochote. Niambie kilichopo."

Ile ilikuwa asubuhi ngumu kuliko nilivyodhani. Nikamwambia naona mlango mzuri. Akasema uzuri haupo pale mlangoni, huo uko kwangu. Yeye anataka kilichopo. Nikasema naona mlango wa kale. Akasema hata huo ukale nimeujua jana usiku. Nikaanza upya: mlango wa mabawa mawili, katikati mfaa, kando miimo miwili, juu kizingiti kilichonyooka. Hapo akanyamaza, nikajua nimeshika njia.

Mlango ule unatazama baharini. Saa moja asubuhi jua lilikuwa likiupiga usoni, na nakshi ilionekana bapa kabisa, kama mchoro wa penseli. Niliandika kwenye daftari kwamba uchongaji wake ni wa juu juu. Ilipofika saa nne na nusu jua limepanda, mwanga ukawa unateremka kutoka juu ukiutambaa ubao, na kila ua likapata kivuli chake kwa chini. Mlango ukainuka. Nikaona fundi alikuwa amechimba kwa vina viwili: majani yako juu, vikonyo viko chini zaidi, na ardhi ya nyuma kabisa imechanjwa vialama vidogo vidogo vya patasi ili isikae tupu. Nilifuta nilichoandika. Mchana ule mlango uliingia kivulini ukawa bapa tena. Miaka minne nilikuwa nawaleta wageni saa tisa alasiri, baada ya chakula, saa ambayo kazi nzuri kuliko zote mtaani imelala.

Halafu samaki. Chini ya kila mwimo kuna umbo refu lenye magamba, na mimi siku zote nililiita samaki. Babu akaniuliza jicho lake liko wapi. Nikatafuta, hakuna. Mkia je? Hakuna. Juu yake kulikuwa na kishungi cha majani makali. Nikasema basi labda ni nanasi. "Labda," akasema, akaacha hapo. Mpaka leo sijaamua. Nikiulizwa nasema ni umbo la magamba lenye kishungi cha majani, wengine huliona samaki na wengine nanasi, na ninamwachia mgeni aangalie mwenyewe.

Kwenye mfaa kuna maua ya mviringo yaliyopangwa moja juu ya jingine. Nilihesabu kumi na moja, kila moja na petali nane. La chini kabisa limekatwa nusu na kizingiti cha chini. Nikalitaja kama kasoro. Babu alichukua kijiti akachora duara mchangani kwa kukizungusha kwenye uzi, akaniambia nitie bikari ya kufikirika juu ya duara lile bila kubadili upana wake, nilizungukie. Nukta sita, hazipungui wala hazizidi.

"Sita bikari inakupa bure. Nane lazima uifanyie kazi: upate msalaba ulionyooka, kisha ugawe kila pembe. Saba haikupi kamwe. Ukiona saba, ujue mkono ulikwenda kwa jicho."

Kwa hiyo yule fundi aliamua kuchagua ya kazi na kuiacha ya bure, mara kumi na moja. Na lile nusu la chini likawa na maelezo: alianza kupima kutoka juu, penye maandishi, ambapo jicho la mgeni aliyesimama hufika kwanza, akateremka, na upungufu akaumalizia miguuni. Angeanza chini, nusu ingeangukia usoni. Babu alinieleza haya bila kuniambia maana ya yungiyungi ni nini, na nilijiona nimemfahamu mtu aliyekufa miaka mingi kabla bibi yangu hajazaliwa: nilijua alikoanzia, alichokithamini, na alikubali kupoteza wapi.

Nikamuuliza mwishowe kuhusu mnyororo. Akasema yeye alipokuwa akichonga aliweka kamba au mnyororo pembeni kwa sababu kazi bila ukingo humwagika. Ilikuwa ni jibu la fundi. Kama mteja alikuwa na jibu lake, hilo hakulisikia.

Baadaye nilipata nafasi ya kusoma sanaa, na katika kusoma nikakutana na mambo yaliyonirudisha barazani. Erwin Panofsky, mwanahistoria wa sanaa Mjerumani aliyehamia Marekani, aligawa kazi ya kusoma picha katika hatua tatu: kwanza maumbo yenyewe, kisha kisa au ishara inayotambulika na watu wa utamaduni husika, mwisho kabisa fikra za zama na jamii zilizoizaa kazi ile. Alitoa mfano wa mtu anayemwinulia mwenzake kofia barabarani. Darasani mfano ule ulikuwa mbali nasi, nikautafsiri moyoni kwa ya kwetu. Mtoto anapita mbele ya mzee, anainama kidogo, midomo inacheza. Hatua ya kwanza ni hiyo: mwili umeinama. Ya pili, anayejua Kiswahili anatambua ni shikamoo. Ya tatu, unaanza kuuliza ni jamii gani hii ambayo umri unadai kuamkiwa, na neno lenyewe limetoka wapi, na kwa nini mzee anajibu marahaba bila kusimama. Mtu aliyerukia hatua ya tatu bila ya kwanza anaweza kueleza heshima ya Waswahili kwa saa nzima, kumbe mtoto aliinama kuokota shilingi.

Nyumba, hata hivyo, zilinitaka nitazame kwa mwili mzima. Picha unaweza kuikalia mbele. Nyumba inakuzunguka. Nilichojifunza kwanza kwenye nyumba za mawe nilijifunza kwa hatua za miguu yangu: vyumba ni virefu na vyembamba. Unaweza kutembea hatua kumi kwenda mbele, lakini ukigeuka upande, hatua tatu nne umeshafika ukutani. Wengine huona ni desturi, ni stara, ni mapenzi ya Waarabu. Tazama juu. Dari imebebwa na boriti za mikoko, zimepangwa karibu karibu, na juu yake zimemwagiwa mawe na chokaa, mzigo mzito kwelikweli. Boriti inayoweza kubeba mzigo ule haivuki zaidi ya mita mbili na nusu hadi tatu. Mti wa mkoko ndio uliokata upana wa chumba, na watu wakajifunza kuishi ndani ya upana huo: kitanda mwisho kule, mkeka hapa, pazia katikati. Stara ipo, sikatai. Ila ilikuja ikakaa ndani ya kipimo cha mti.

Kuhusu kuta nina jambo linaloniuma mpaka leo. Nyumba ya bibi yangu mzaa mama ilikuwa ya matumbawe, kuta za karibu nusu mita, imepakwa chokaa. Lipu ilikuwa ikibanduka chini, hasa upande wa kisima. Mimi ndiye niliyewashawishi wajomba zangu tuachane na chokaa, tupige lipu ya saruji, kazi iwe imara na tusirudie rudie. Bibi alisema, "Mwanangu, nyumba hii inapumua." Nilidhani anasema kwa mapenzi yake kwa nyumba. Alikuwa anasema jambo la ufundi. Matumbawe yananyonya unyevu kutoka ardhini na chumvi iliyomo. Lipu ya chokaa inauruhusu ule unyevu utoke, yenyewe inachakaa, unaipaka upya. Saruji ni ngumu na inaziba. Masika mawili baadaye unyevu uliokosa pa kutokea ulikuwa umepanda mpaka usawa wa kifua, lipu ikavimba, na ilipoanguka ilianguka na ngozi ya ukuta. Boriti mbili za dari, vichwa vyake vilivyoingia ukutani, vilikuwa vimeoza. Bibi alihamishiwa chumba cha nyuma, na hakurudi tena kulala chumba chake.

Tangu hapo siwezi kuzungumzia jengo kabla sijauliza limetengenezwa kwa nini, na kile kitu kinapenda nini na kinaogopa nini. Naona wanafunzi wengi wa sanaa huandika mistari mitatu kuhusu malighafi, kisha wanakimbilia mtindo. Mimi nawaambia wakae kwenye malighafi mpaka wachoke.

Kaole nimeipenda kwa sababu hiyo. Ni kilomita kama tano kusini ya mji, magofu ya misikiti miwili na makaburi zaidi ya ishirini, msikiti wa kale zaidi ukihesabiwa wa karne ya 13. Ukifika usikimbilie kusoma kibao. Weka kidole ukutani. Utakuta mawe ya aina mbili. Ukuta mkubwa ni matumbawe magumu ya nchi kavu, yamevunjwa ovyo na kushindiliwa kwa chokaa. Lakini kwenye kibla, penye tao na kingo zilizonyooka, jiwe ni jingine: laini, jepesi, na ukilitazama kwa karibu lina vinyota vidogo vilivyobanana. Hilo ni tumbawe lililotolewa baharini likiwa bichi, likachongwa kabla halijakauka na kuwa gumu. Maana yake fundi wa kibla alikuwa na muda maalum wa kumaliza kazi yake. Na maana yake nyingine, ambayo inatoka kwenye ile ya kwanza, ni kwamba watu wa Kaole waliona ni sehemu ipi ya jengo inastahili mtu apige mbizi.

Nenda na dira, au simu. Kutoka hapa Makka iko karibu kaskazini kamili, kwa hiyo ukisimama kwenye kibla ukaipa bahari mkono wako wa kulia, umeshajua msikiti wote ulivyolazwa na kwa nini haukufuata mstari wa ufuko. Makaburi ya nguzo yana vishimo vya mviringo, vilipopachikwa bakuli za kauri zilizovuka bahari kutoka China. Bakuli hazipo pale tena. Nilikuwa nikiwapitisha wageni haraka, nikisema tu kwamba zimetolewa. Sasa nawasimamisha kwenye vile vishimo. Kipenyo cha kishimo kinakwambia ukubwa wa bakuli. Urefu wake kutoka chini unakwambia kwamba halikuwekwa la kulia chakula wala la kushikwa. Liliwekwa lionekane na anayekuja kutoka mbali, jua likilipiga. Mikoko imeziba pale palipokuwa bandari, na huwezi kuona bahari kama walivyoiona wao, lazima uiondoe mikoko kichwani mwako kwanza.

Kuna mahali kutazama hakutoshi, na nilichelewa kukubali. Pale misheni ya Roho Mtakatifu upo mnara wa kanisa la kwanza, lililojengwa 1872. Utautazama siku nzima, utapima matao, utaandika kila kitu. Ukuta hautakwambia kwamba Februari 1874 Chuma na Susi, waliokuwa watumishi wa msafiri Mwingereza David Livingstone, walifika hapo na wenzao wakiwa na mwili wake, baada ya kuubeba kwa miezi kutoka bara, ukalazwa pale kabla ya kuvushwa kwenda Unguja. Leo watu wanauita Mnara wa Livingstone. Waliojenga hawakumjengea yeye. Maana ilikuja ikakaa juu ya jengo lililokwisha kuwapo, na hiyo huipati ila kwenye maandishi na kwenye vinywa vya watu.

Maandishi pia yalinirekebisha kwenye Boma. Nilikuwa nikisema mbele ya Boma la Wajerumani kwamba hapa ndipo ilipokuwa serikali kuu ya koloni, ndiyo maana ni kubwa. Siku nilipopanga tarehe kwenye karatasi moja, hadithi ilivunjika. Makao makuu yalihamishiwa Dar es Salaam 1891. Boma limejengwa 1897. Wale watawala wa mwanzo walikaa nyumba nyingine, Nyumba ya Liku. Yaani jengo kubwa kuliko yote ya utawala hapa mjini lilisimamishwa miaka sita baada ya ukuu kuondoka.

Hapo swali likawa tamu zaidi. Ghorofa mbili, mabawa mawili yamekunjwa kama mikono inayokumbatia ua, safu za matao, na juu ya ukuta yale meno meno kama ya ngome. Umbo lile la meno na matao ni la kipwani, la Waarabu wa Unguja na Omani. Wajerumani walilivaa kwa makusudi kwenye majengo yao kadhaa ya pwani. Na si zamani sana kabla ya hapo, 1888 na 1889, watu wa pwani hii walipigana nao chini ya Abushiri bin Salim, mapigano yakapita katikati ya mji huu, Abushiri akanyongwa Pangani Desemba 1889. Mimi nalisoma Boma hivi: utawala ulioingia kwa mizinga ulitaka uonekane kama mwenye nyumba aliyekuwapo siku zote, huku ukikumbusha kwamba ukuta una meno. Huo ni usomaji wangu. Nautetea kwa ninachokiona, kwa tarehe, na kwa mahali jengo lilipokaa. Mwenye usomaji bora aulete, ila aje na ushahidi wa ukutani, asije na hisia peke yake.

Kwa picha za kuchora nitasema kidogo tu, maana uzoefu wangu mwingi uko kwenye mawe na mbao. Wanafunzi wakiletewa mchoro wa Tingatinga huanza na wanyama: chui ni nguvu, ndege ni uhuru. Nawarudisha nyuma. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki 1972, alichora kwa rangi ya kung'aa, ile ya baiskeli, juu ya vipande vya mraba vya ubao wa dari. Vingi vya mwanzo ni vya futi mbili kwa mbili. Bao zima ni futi nne kwa nane, ligawe mwenyewe: vipande vinane, hakuna kinachotupwa. Mraba unamlazimisha mnyama ajikunje au ajitanue mpaka miguu iguse kingo. Rangi ile ikikauka haichanganyiki kwa ulaini, kwa hiyo kila rangi inakaa peke yake na mpaka wake, na madoa yanakuwa madoa kweli. Baada ya kuyaona hayo mtu akitaka kuzungumza habari ya nguvu na uhuru namsikiliza.

Siku hizi nafundisha. Mara mbili kwa muhula nawapeleka vijana wa sekondari mjini, na kila mmoja anabeba daftari, penseli na kipande cha uzi. Simu zinabaki mfukoni saa nzima ya kwanza. Nawaambia wachore, hata asiyejua kuchora, hasa asiyejua. Anayepiga picha anaweza kuondoka bila kujua tao limeishia wapi. Anayechora analazimika kuamua. Wengine hulalamika kwamba mchoro wao ni mbaya. Hatutafuti mchoro. Nawapa pia milango miwili waisimamie kwa zamu, mmoja wa kizingiti kilichonyooka na mwingine wa tao juu, wa mtindo wa Kihindi, kwa sababu jicho likiachwa na kitu kimoja hulala, likipewa viwili huanza kuuliza. Heinrich Wölfflin, Mswisi aliyefundisha historia ya sanaa, alikuwa akiwaonyesha wanafunzi wake picha mbili kwa pamoja ukutani. Sisi tuna mtaa.

Babu alishatutoka. Barazani pake sasa hukaa vijana wa bodaboda, ni wapole, hutupisha.

Muhula uliopita tulifika kwenye ule mlango wangu saa nne na nusu, mwanga umeshaanza kushuka. Niliwapa kazi ileile: kilichopo tu. Binti mmoja wa kidato cha pili, mfupi, mkimya, alipata nafasi mbaya nyuma ya wenzake warefu, akaamua kupiga magoti chini kabisa, kwenye mguu wa mwimo wa kushoto. Mimi siku zote naanza juu, kama fundi alivyoanza, na nikifika usawa wa magoti naona nimemaliza. Yeye alianza chini.

"Mwalimu, haya maua madogo ya pembeni ulisema yana petali nane."

"Ndiyo, mwanangu. Nane."

"Hili lina saba. Na hili. Na hili pia."

Nilichuchumaa karibu yake. Aliweka kucha yake kwenye ubao akaivuta polepole kwenda juu, na shubiri moja na nusu kutoka ardhini kucha ikanasa. Chini ya rangi ya mafuta kulikuwa na kiungo. Nyuzi za mti chini ya kiungo zilikwenda upande mwingine. Kipande cha chini kilioza siku moja, kama vinavyooza vyote vinavyogusa unyevu, na mtu mwingine, wa wakati mwingine, bila bikari, akakaa hapa chini akajaribu kumfuata aliyemtangulia.

"Nani huyu?" akaniuliza.

Nikampa uzi, tukaanza kupima.